Mrejesho wangu: wiki 12 za mazoezi ya nguvu kwa mtoto mwenye ugonjwa sugu wa mapafu (nyota 4 kati ya 5)

Naandika hii kwa wazazi wenzangu ambao mtoto ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, daktari kawaambia "mtoto afanye mazoezi ya nguvu" na wakatoka pale hawajui waanzie wapi wala kama moyo wa mtoto utaweza. Mimi nilikua hapo hapo miezi michache iliyopita. Mwanangu ana miaka 9, ana bronkiektasi, yaani mirija ya hewa ndani ya mapafu ilitanuka ikaharibika baada ya nimonia kali aliyoipata akiwa mdogo, haitarudi ilivyokua, makohozi yanatuama humo na kila baada ya muda yanaleta maambukizi mapya. Tumemaliza programu ya wiki 12 chini ya fizio wa watoto (mtaalamu wa tiba ya mazoezi), siku 3 kwa wiki, mbili kliniki na moja nyumbani, na namba zake zote nimeziandika kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Jina la kliniki sitaji, nachotaka ujue ni huduma kama hii inakuaje kwa ndani, kipi udai na kipi ukikiona umshike mtoto mkono muondoke.

Nianze na pale tulipokosea. Kabla ya hii programu tulienda jimu moja ya kawaida ina darasa la watoto, nikasema si mazoezi ni mazoezi tu. Kocha hakuuliza chochote, hakuuliza mtoto anaumwa nini wala anatumia dawa gani, akampa dambeli mbili akamwambia azinyanyue juu ya kichwa na azishikilie huko. "Kaza, usipumue, kaza!" Mtoto ni mtiifu, akakaza kweli akabana pumzi, nikaona midomo inageuka rangi na alipozishusha akayumba akashika ukuta. Nikamtoa pale pale. Saivi najua kilichotokea, ukibana pumzi huku unasukuma kitu kizito presha ndani ya kifua inapanda ghafla, damu inayorudi kwenye moyo inapungua, alafu ukiachia presha ya damu inayumba. Mtu mzima mwenye afya anavumilia, mtoto ambaye akiba yake ya hewa ni ndogo tayari hana nafasi ya mchezo huo. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kocha akimwambia mwanao abane pumzi huku ananyanyua, ondokeni.

Baada ya hapo nilimkalisha miezi kama minne. Mama yangu mzazi nae alikua ananiunga mkono kila siku, "mwanangu mwache mjukuu wangu apumzike, moyo wake unachoka huyo". Nami niliona hivo hivo, nilikua namsikia usiku moyo unadunda nikiweka sikio mgongoni mwake, nikadhani kila dunda ni moyo unatumika na kuisha. Shuleni nikaandika barua asicheze. Akaacha kucheza hata nyumbani, na hapo ndipo alipozidi kuwa dhaifu, akawa anahema kwa kuvaa viatu tu.

Sasa kliniki. Siku ya kwanza hakunyanyua kitu hata kimoja. Fizio alimsalimia, akamuuliza yeye mtoto mwenyewe anapenda kufanya nini akipona kuchoka (akasema kupanda ngazi bila kusubiriwa, mimi sikujua hilo linamuumiza), alafu akanigeukia, "Mama, eko ya moyo ya mwisho alifanya lini?" Nikamwambia mwaka juzi (eko ni kipimo cha picha ya moyo, nakieleza hapo chini). Akaweka kalamu chini akasema, "Basi leo tutaongea na kupima vyepesi tu, mpira wa kuvuta hatushiki mpaka eko irudi." Nilikasirika kwa kweli, tulikua tumetoka mbali na nilishaomba ruhusa kazini. Lakini hii ndio sababu namba moja ya nyota nilizotoa, na naomba nieleze kwa urefu kidogo maana kama kuna kitu kimoja cha kushika kwenye mrejesho wangu ni hiki.

Upande wa kulia wa moyo kazi yake ni kusukuma damu iende kwenye mapafu. Ukuta wake ni mwembamba ukilinganisha na wa kushoto, kwa sababu kawaida mapafu hayahitaji presha kubwa, damu inapita kirahisi. Sasa mapafu yana tabia moja, sehemu ikikosa hewa mishipa ya damu ya sehemu ile inajibana ili damu iende kwenye sehemu zenye hewa. Kama ni kipande kidogo ni msaada mkubwa, damu haipotei bure. Lakini kama sehemu kubwa ya pafu ina shida na oksijeni iko chini kwa miezi na miaka, mishipa mingi inajibana kwa pamoja, presha ya mapafu inapanda, na ule ukuta mwembamba wa kulia unalazimika kusukuma kwa nguvu ambayo haukuumbiwa. Unanenepa, unatanuka, mwisho unachoka. Sio kila mtoto mwenye mapafu mabovu anafika huko, wengi hawafiki, ila kwa kumwangalia usoni huwezi kujua, na mtoto ambaye tayari ana presha ya juu kwenye mishipa ya mapafu mazoezi ya nguvu yanaweza kumletea hatari kubwa. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye tamko lao la 2020 la mazoezi ya nguvu kwa watoto wameitaja presha hiyo kati ya hali ambazo mtoto hapelekwi kunyanyua vitu kienyeji. Eko yenyewe haiumi, ni kama ultrasaundi ya mjamzito, anapakwa jeli kifuani, daktari anaangalia ukuta wa kulia ukoje, unabana vipi, na kama kuna damu kidogo inarudi nyuma kwenye vali ya upande huo anapima kasi yake na kutoka pale anakadiria presha ya kwenye mapafu. Ya mwanangu ilirudi vizuri. Nililia kwenye korido, sitaficha.

Vile vipimo vyepesi vya siku ya kwanza navyo nivieleze maana unaweza kuviona vidogo. Alikaa dakika tano kimya, akapimwa mapigo. Akabana kile kifaa cha kupima nguvu ya kiganja, kilo 9. Akapuliza mashine ya mapafu. Alafu kiti. Kiti cha kawaida kisicho na mikono kimeegemezwa ukutani, mikono anakunja kifuani, anasimama mpaka magoti yananyooka anakaa, anasimama anakaa, dakika moja, wanahesabu ngapi. Nilikua nimekaa mbele yake. Mpaka ya 8 alikua anatabasamu. Ya 12 akashusha mikono aanze kusukuma mapaja, fizio akamwambia taratibu "mikono kifuani, baba". Ya 16 kile kishimo chini ya koo kikawa kinabonyea ndani kila akivuta hewa na mabega yanapanda juu kama anayavuta masikioni. Dakika ikaisha kwenye 19. Mapigo ya moyo 161 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 92, na baada ya kukaa dakika nzima mapigo yalikua yameshuka mpaka 146 tu. Fizio akaizungushia duara hiyo 146 akasema hii ndio namba tunayoifanyia kazi.

Nilimuuliza kwanini hiyo na sio oksijeni. Akasema moyo una neva za kuuharakisha na neva za kuutuliza, ni kama mafuta na breki. Ukiacha kufanya kazi breki inatakiwa ishike haraka, mapigo yashuke wazi wazi ndani ya dakika ya kwanza. Mtoto aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha, tena mwenye ugonjwa unaomfanya ahangaike kuhema, breki inalegea, moyo unabaki unakimbia wakati mwili umeshakaa. Na kwa moyo unaotulia vizuri hata mapigo yenyewe hayaendi kama saa ya ukutani, nafasi kati ya pigo na pigo inacheza cheza kidogo na pumzi, ukivuta hewa yanaharakisha ukitoa yanapoa. Mimi miaka yote nikisikia mapigo hayalingani nilikua naogopa, kumbe kwa mtoto huo mchezo wa kufuata pumzi ni dalili njema. (Kama hayalingani bila mpangilio wowote, au mtoto anaanguka au analalamika kifua, hiyo ni habari nyingine, mpeleke.)

Haya, mpaka hapo utauliza sasa misuli inahusikaje na mapafu, maana hata mimi niliona kama tunaosha gari lenye injini mbovu. Ni hivi. Msuli dhaifu wa paja ukipewa kazi ndogo tu unaelemewa mapema, unaanza kutengeneza asidi, na mwili kuiondoa ile asidi unatoa hewa ya kaboni zaidi, na njia ya kuitoa ni moja, kuhema. Mtoto mwenye mapafu mazima anaongeza kuhema kidogo mambo yanaisha. Wa kwangu hana pa kuongezea. Kwahiyo anahema, anaogopa, anakaa, msuli unazidi kudhoofika, kesho anahema kwa kazi ndogo zaidi ya jana. Na kwa baadhi ya watoto dawa za steroidi za kunywa za mara kwa mara zinachangia kula msuli na mifupa. Ukiimarisha paja, ile ile ngazi inahitaji hewa kidogo na mapigo machache. Mapafu yamebaki yale yale ila yamepunguziwa deni. Huo ndio mkataba mzima wa hii programu, na nashukuru hakuna aliyenidanganya kwamba mapafu yatapona.

Kipindi chenyewe kinaenda hivi. Kabla hajatoka nyumbani anafanya zoezi lake la kutoa makohozi, alafu inhela (dawa ya kuvuta) na spesa (kichupa cha kuipitishia) kama dakika 15 kabla ya kuanza maana kifua chake huwa kinabana akikimbizwa. Angalia hapa, salbutamol, dawa iliyomo kwenye inhela, yenyewe inapandisha mapigo na kutetemesha mikono, kwahiyo ukitaka kulinganisha namba za wiki hii na za wiki iliyopita hakikisha umempa dawa kwa muda ule ule, la sivo unalinganisha dawa na dawa. Wanaanza kutembea na kuinua magoti dakika 10. Alafu mazoezi sita, kukaa na kusimama kwenye kiti, kupanda na kushuka ngazi moja, kuvuta mpira kama anapiga kasia, pushapu za ukutani, kulala chali na kunyanyua kiuno, na kubeba begi lenye uzito mdogo kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine. Seti 2 za mara 10. Kati ya seti na seti hakuna saa inayopigwa, anapumzika mpaka aweze kusema sentensi nzima bila kukata katikati, fizio anamuuliza habari za shule na anasubiri ajibu yote. Ukutani kuna picha ya mtoto anapanda kilima, chini namba 0 juu 10, anaonyesha kidole yuko wapi, wanataka awe kati ya 4 na 6. Uzito hauongezwi mpaka amalize seti 2 za mara 15 na mwili umenyooka. Na mstari wake wa oksijeni daktari aliuweka 90, ikishuka chini ya hapo anakaa, hakuna mjadala. Wa kwako atapangiwa wake.

Kitu kilichonigusa zaidi ni "puuu". Siku ya kwanza ya mpira fizio alipiga goti mbele yake, mkono mmoja kauweka kwenye mbavu zake, akamwambia kila unapovuta, pale pazito, puliza kama unapooza chai, puuu, ukirudisha vuta kwa pua. Akavuta, puuu. Akarudisha. Akasahau akabana, yule dada akagonga mbavu kidogo na kidole, puuu. Mara kumi hivo hivo, uso kwa uso. Wiki ya pili nikamkuta nyumbani ananyanyua begi la shule toka chini, anapuliza puuu peke yake hajui kama namwangalia. Kocha wa kwanza alimwambia asipumue, huyu alimfundisha kupumua kabla ya kumfundisha kunyanyua.

Wiki ya 3 alipata homa na makohozi yakabadilika rangi, tukasimama siku 8 mpaka daktari aliporuhusu. Hawakutulaumu wala kutaka tufidie vipindi kwa haraka, walimrudisha kwenye mpira mwepesi na kupanda upya. Wiki ya 5 nikataka kuacha. Hakuna kitu nilichokiona, mkono ni ule ule mwembamba, mguu ule ule. Nikaambiwa mtoto ambaye hajabalehe hajengi msuli mnene kama kijana, nguvu yake ya kwanza inatoka kwenye neva, zinajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja, na kwa watoto wengi inahitaji kama wiki 8 hivi kabla hujaiona kwa macho. Na lile la kwamba watadumaa, mama yangu alilishikilia sana, ile tamko niliyoitaja juu inasema hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya nguvu yaliyosimamiwa vizuri yanazuia mtoto kurefuka. Tena shirika la afya duniani, WHO, kwenye mwongozo wa 2020 wanataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli za kuimarisha misuli na mifupa.

Wiki ya 8 kulikua na ngazi za shuleni. Ghorofa moja tu, lakini alikua anasimama mara mbili njiani, wenzake wanapita. Nilimpeleka asubuhi, nikambebea begi kama kawaida, akalichukua. Akapanda. Pale anaposimamaga sikuona amesimama, nikadhani atasimama kwenye kona, hakusimama, akafika juu akashika ukuta anahema ndio, lakini anahema huku anacheka, akaweka vidole shingoni kama anavyofundishwa akaniita toka juu, "Mama, hesabu!" Nikahesabu nikiwa chini huku, watu wananiangalia.

Namba za wiki ya 12 hizi hapa. Kiti toka 19 mpaka 31. Kiganja toka kilo 9 mpaka 12. Mapigo baada ya kiti 152, na dakika moja baadae 119, ile duara ya 146 imekua 119, na amesimama mara 12 zaidi. Oksijeni mwisho wa kiti 93, kwahiyo hapo usitegemee maajabu. Mashine ya kupuliza imetoa karibu namba ile ile ya mwanzo, mapafu hayajabadilika. Mtoto mmoja sio utafiti, najua, na kuna kukua pia humo ndani. Ila kuna utafiti wa watoto 66 wenye sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito sana) uliochapishwa 2002, waliwagawa wakiwa wamelazwa, kundi la mazoezi ya nguvu likaongeza uzito na nguvu ya miguu na hata kupuliza kukaenda vizuri, na kundi la mazoezi ya pumzi ndefu, kukimbia na baiskeli, ndilo lililoongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa kiwango cha juu. Kila kundi lilipata lake.

Na hapo ndipo inapokatika nyota yangu moja. Hii programu imeegemea sana kwenye nguvu, ile sehemu ya kutembea haraka, kucheza, kukimbia kwa vipande na kupumzika, imewekwa dakika 10 za mwanzo tu kama kionjo. Moyo unahitaji vyote viwili. Nilisema mara mbili, nikaambiwa muda hautoshi. Mimi nyumbani nikaongeza mwenyewe baada ya kumuuliza daktari, tunatembea haraka dakika 2 taratibu dakika 1, mara 6, jioni. Ingekua kwenye ratiba yao ningetoa 5 bila kufikiri.

La pili lililoniudhi ni vipindi vya pamoja. Chumba kilikua na watoto wanne na wawili wanakohoa, mikeka imekaribiana. Watoto wenye sistiki faibrosisi hawatakiwi kabisa kufanya mazoezi pamoja ndani maana wanaambukizana vijidudu vibaya vya mapafu, na hata kwa wengine wenye makohozi sioni sababu ya kubanana. Nililalamika wakahamisha mwanangu saa nyingine, mikeka ikaachanishwa, mipira ikaanza kufutwa kila baada ya mtoto. Vizuri, lakini isingetakiwa mzazi ndio aseme. Karatasi ya mazoezi ya nyumbani nayo ni michoro midogo na maneno ya kidaktari, mtoto hawezi kuisoma, nikamrekodi fizio kwa simu kwa ruhusa yake ndio ikatusaidia.

Vifaa kwa ufupi. Mipira ya kuvuta ni bora kuliko dambeli kwa umri huu, ikimponyoka haimwangukii mguuni, na unaongeza uzito kidogo kidogo. Ila rangi hazifanani kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, mwekundu wa huyu sio mwekundu wa yule, kwahiyo ukinunua mwingine mpe fizio auvute kwanza. Wetu mmoja ulipasuka wiki ya 9, kulikua na kachaniko kadogo ukingoni sikukaona, ulimchapa mkono, ungeweza kuwa jicho. Ukague kila siku kwenye mwanga kabla hajaushika. Na kama mtoto ana aleji ya mpira, na watoto waliokaa sana hospitali wengine wanayo, tafuta isiyo na lateksi.

Oksimita ya kidoleni. Ya kwanza niliyonunua ilikua ya watu wazima, kidole chake kinaelea ndani, ikawa inasoma 84 mtoto anacheza, nusura nimkimbize hospitali. Nunua ya watoto. Kidole kiwe cha joto, kisiwe na rangi ya kucha, atulie mpaka mapigo yanayoonyeshwa yatulie ndio usome. Na hili wengi hawaambiwi, hizi mashine kwenye ngozi nyeusi zinaweza kusoma juu kuliko oksijeni halisi, tafiti zimeonyesha na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari 2021. Kwahiyo mtoto akionekana anahangaika, mbavu zinaingia ndani, midomo au ulimi umebadilika rangi, mwamini mtoto usiiamini mashine hata kama inakwambia 95.

Nani hii itamfaa? Kwa ninavyoona mtoto mwenye bronkiektasi, pumu kali iliyodhibitiwa, mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kifua kikuu, na wale waliozaliwa njiti wakakaa kwenye mashine ya kupumulia muda mrefu, hawa wa mwisho msiruke eko kabisa. Wa kusubiri ni mwenye homa, mwenye maambukizi mapya, mwenye kukohoa damu, anayezimia au kuumwa kifua akijitahidi, na ambaye presha ya mapafu iko juu mpaka daktari wa moyo aseme mwenyewe nini kinaruhusiwa. Ukipiga simu kuulizia huduma, uliza maswali matatu tu, mnataka eko kabla ya kuanza? mnapima mapigo baada ya dakika moja ya kukaa? mtoto akiumwa katikati mnafanyaje? Sisi tulijibiwa yote kabla sijamaliza kuuliza la tatu.

Tunaendelea siku 2 nyumbani na kliniki mara moja kwa mwezi. Barua ya shule nimeibadilisha, anaruhusiwa kucheza na anakaa mwenyewe akihitaji. Mpira wa kuvuta kwa miguu umepanda daraja, wa kuvuta kwa mikono bado ule ule kwa sababu bega la kushoto linapanda anapochoka. Eko nyingine ni mwezi ujao, nikipata majibu nitaongeza hapa chini.